Usimkate Kichwa

Siku ambayo vita vilifika kijijini kwetu, mama alikuwa anagombana na kuku. Sitanii. Kuku wetu mmoja alikuwa na tabia ya kwenda kutagia kwa jirani, na asubuhi ile mama alimfunga kamba mguuni, akamweka mbele yake, akamsomea makosa yake yote kwa sauti ya kumfikia huyo jirani. Mdogo wangu Matiasi, kibogoyo wa meno ya mbele wakati huo, alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilikuwa natwanga mahindi huku nikiomba jirani asitoke nje. Kijiji chetu kilikuwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, na vita tulikuwa tunavisikia tu, kama unavyosikia kwamba mvua imenyesha mkoa wa pili.

Walifika mchana. Wanaume wenye bunduki, wengine pekupeku, na kiongozi wao amevaa koti la mvua la njano katikati ya kiangazi, jua limesimama utosini. Wenzake walimwita Kamanda Koti. Nyusi yake ya kushoto ilikatwa na kovu, na sauti yake ilikuwa ya upole, sauti ya mtu anayekuomba maji ya kunywa.

Alitaka chakula. Yule kuku mtuhumiwa ndiye aliyechinjwa, kesi yake ikaishia hapo. Mama alimpika, Kamanda akala, akasifu, kisha akauliza kwa Kimakonde chake kibovu kama kuna chumvi.

"Chumvi mlichukua kwa shemeji yangu mlipopita wiki iliyopita," mama alimjibu. "Kaitafuteni huko mlikoipeleka."

Askari walicheka. Kamanda naye alicheka, tena sana. Hata mimi nilicheka.

Halafu akasema mama abebe gunia, afuatane nao.

Mama alisema hawezi. Ana watoto.

Kamanda alimpiga risasi, mama akiwa ameketi, bakuli liko mapajani.

Nilimshika Matiasi mkono, tukakimbia.

Watu wakisikia nilivuka Ruvuma huniuliza habari za mamba. Mamba sikuwaona, nasikitika kuwaangusha. Niliona mbu, niliona njaa, na nilimwona Matiasi ambaye hakusema neno lolote njia nzima. Tuliishia Temeke, Dar, kwa mjomba, mchonga vinyago. Mjomba alipofariki alituachia chumba kimoja cha kupanga na patasi zake. Mimi nilijifunza cherehani, na miaka ya ruksa ilipoanza, biashara ikafunguliwa, na mitumba ikaingia kwa marobota, nikawa nakarabati nguo za Wazungu wanene ziwaenee watu wa Temeke. Matiasi alirithi patasi. Twiga wake alikuwa na sura ya mbuzi aliyesikia jambo la kushangaza, na hakuna mtalii aliyemnunua.

Ndipo alipochukuliwa na Bwana Kondo, mwenye studio ya picha mtaa wa nyuma. Kondo ni jina ambalo Wazaramo humpa mtoto aliyezaliwa wakati wa vita, ila Bwana Kondo vita pekee alivyovijua ni vya mkewe, na huko alishindwa mapema. Studio yake ilikuwa na pazia lililochorwa ngazi za ndege. Ungesimama pale na begi tupu, ukaonekana unakwenda Ulaya. Matiasi alifundishwa kuingiza mkanda, kusafisha picha katika chumba cha giza, na kupiga. Mawili ya kwanza aliyaweza. Katika kupiga alikuwa na ugonjwa mmoja: alikuwa anakata watu vichwa. Mama Zuhura, mwenye nyumba wetu, alikwenda kupiga picha ya Idi na gauni jipya, akaletewa picha nzuri kabisa ya gauni. Hakutuamkia wiki nzima.

Nilimpenda mdogo wangu kwa namna ya kuchosha. Sikuwa na mtu mwingine duniani. Kila jioni nilihesabu viatu mlangoni kabla sijavua vyangu, na vyake vikiwapo nilipumua. Mipango yangu yote ilikuwa hiyo tu: asife, asirudi vitani, aoe mtu mwenye subira.

Kule kwetu amani ilipotiwa saini, waliokuwa msituni walivaa suti na kuanza kuomba kura. Mmoja wao alisafiri kuja Dar kusalimia wananchi wake, na akakubali kuwa mgeni rasmi kwenye harusi ya kijana mmoja wa kwetu, Kinondoni. Familia ilileta picha ya huyo mheshimiwa kwa Bwana Kondo ili irudufiwe na kukuzwa, itundikwe ukumbini. Jina lilikuwa refu na la kiungwana, wala halikuniambia kitu.

Matiasi ndiye aliyeikuza. Alinisimulia baadaye: karatasi ikiwa ndani ya dawa, kwanza ilitokea tai, kisha kidevu, kisha nyusi. Alisimama kwenye chumba cha giza akiitazama mpaka ikaungua kwa dawa ikawa nyeusi yote. Bwana Kondo alimkata posho kwa kuharibu karatasi.

Mimi sikuambiwa chochote. Niliona tu kwamba hali chakula vizuri. Nilidhani ni msichana, nikafurahi.

Siku chache kabla ya harusi aliniletea koti la suti la mtumba.

"Dada, nitilie mfuko wa ndani. Mkubwa."

"Wa nini?"

"Betri ya flashi."

Nikamtilia mfuko, tena wa kitambaa cha kitanda, ushonaji wa mara mbili. Alisimama mlangoni akanitazama nikimaliza.

"Yule mgeni rasmi," akasema, "Jumamosi nitampiga."

"Mpige vizuri basi," nilimwambia huku nakata uzi kwa meno. "Usimkate kichwa kama ulivyomkata Mama Zuhura, mie sina pa kuhamia."

Alilivaa koti, akaupapasa ule mfuko. Kisha akanishukuru. Sikuwahi kumsikia akinishukuru kwa kushona.

Jumamosi nilikuwa Kinondoni tangu asubuhi, kwa sababu wapishi walikuwa sisi wanawake wa kwetu. Ukumbi ulipambwa mpaka ukachoka. Spika mbili kubwa ziliwekwa pembeni mwa meza kuu, na mshereheshaji alikuwa mmoja wa wale ambao hata akitaka maji hutangaza. Mgeni rasmi aliingia kwa vigelegele. Nilichungulia kutoka mlango wa jikoni, upawa mkononi, nimwone huyo mkubwa wa kwetu.

Niliiona nyusi.

Nilitaka kurudi kwenye masufuria, nikashindwa. Nikamtafuta Matiasi kwa macho.

Alikuwa amesimama mbele ya meza kuu. Kamera ilining'inia shingoni. Mkono wake ulikuwa ndani ya koti, kwenye mfuko wangu.

Hapo ndipo neno lake lilipogeuka kichwani mwangu. Nitampiga. Nikaanza kupenya kati ya viti.

Bwana Kondo alikuwa anawapanga watu: bibi harusi huku, mheshimiwa pale, shangazi arudi nyuma kidogo. Aliporidhika alimgeukia kijana wake na kupaza sauti ukumbi mzima ukasikia:

"Mpige! Mpige sasa, Matiasi, kabla hajafumba macho!"

Matiasi akatoa bastola.

Ikalia mara moja.

Spika ya kushoto ikanyamaza.

Shangazi za bibi harusi, wakidhani ni fataki za kamati ya harusi, walipiga vigelegele. Watu walipiga makofi. Mshereheshaji alishika kipaza sauti akasema, "Naomba radhi, ni hitilafu ndogo ya mitambo." Mheshimiwa peke yake ndiye aliyejua mlio ule ni wa nini. Alikuwa chini ya meza kabla makofi hayajaisha, na keki ilimfuata.

Matiasi alivuta tena. Kimya. Akavuta tena. Bastola aliinunua Vingunguti kwa tapeli mmoja, na risasi nyingine hazikuwa hata za bastola ile. Aliigeuza akaitazama, kwa uso uleule aliokuwa akiitazamia kamera iliyokwama.

Mwenyekiti wa wapishi, mama mmoja mnene wa Tandika, alinipita mbio na mwiko wa pilau. Ulimpata Matiasi kisogoni. Alianguka kifudifudi, na mie nikamlalia juu ili wasimuue.

Hawakumuua. Polisi walituchukua wote watatu, Matiasi, mimi na Bwana Kondo, ambaye alikuwa bado anauliza kama picha ilipatikana.

Kituoni Matiasi alipelekwa upande wake. Sisi wawili tuliketishwa mbele ya afande mmoja mwenye mwandiko wa polepole.

"Wewe mwanamke. Mtuhumiwa alikwambia atampiga mheshimiwa?"

"Aliniambia, afande."

"Ukamjibu nini?"

"Ampige vizuri."

Akaandika.

"Ukamwambia nini tena?"

"Asimkate kichwa."

Kalamu ikasimama. Aliniangalia kama mtu anayejuta kwa nini hakuomba likizo. Akamgeukia Bwana Kondo.

"Na wewe mzee, ndiye uliyetoa amri."

"Amri gani, baba? Nilisema ampige picha."

"Mashahidi wote wanasema ulisema 'mpige'. Neno picha hawakulisikia."

"Sasa mie mpiga picha nimesimama harusini na kamera, nitasema mpige nini? Ngoma?"

"Na hiyo ya kabla hajafumba macho?"

"Mheshimiwa anapepesa sana, afande. Nilimwona tangu alipoingia."

Aliyetuokoa ni Matiasi mwenyewe, bila kujua. Bwana Kondo alimtuma mkewe alete bahasha ya picha zilizokataliwa na wateja. Akazipanga mezani moja moja: bibi harusi hana kichwa, mhitimu hana kichwa, timu nzima ya mpira, magoti na jezi tu.

"Huyu kijana," akasema, "tangu nimchukue hajawahi kukipata kichwa cha mtu. Mie nikitaka mtu auawe nitamtuma huyu?"

Maafande walikusanyika kutazama. Mmoja aliinua picha moja.

"Huyu si dada yangu huyu?"

"Umemjuaje, kichwa hana?" mwenzake akamuuliza.

"Gauni. Nilimnunulia mimi."

Walicheka kituo kizima. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, huku nasikia Matiasi anakohoa upande wa pili wa ukuta. Tuliachiwa siku ya pili. Yeye alibaki, na tuliambiwa anaweza kufungwa maisha.

Kesi ilipokaribia, gari jeupe lilisimama mbele ya nyumba yetu, Temeke. Wapangaji wote walijaa barazani. Mheshimiwa alishuka na dereva wake aliyebeba gunia la mchele. Mama Zuhura alimpa kiti chake mwenyewe cha plastiki, kile ambacho sisi wapangaji hatukuruhusiwa kukikalia.

Nilitoka chumbani nikakutana naye uso kwa uso. Nilikuwa nimejipanga kwa maneno mengi. Mdomo ukanitangulia.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, binti yangu."

Hilo ndilo jambo linaloniuma kuliko hata risasi. Nilikuwa nimelelewa vizuri mno.

Alisema, kwa Kiswahili cha kuokoteza, kwamba amemsamehe Matiasi, na kwamba atawaandikia wakubwa wamwonee huruma. Vita vimekwisha, alisema, sote ni ndugu. Aliuliza tunatoka kijiji gani. Nikamtajia. Alikunja ile nyusi, akafikiri, na naapa alifikiri kwa nia njema kabisa.

"Sitaki kukudanganya," akasema. "Tulipita vijiji vingi."

"Ulikula kuku kwetu. Mama yangu alikujibu habari ya chumvi."

Akatikisa kichwa taratibu.

"Ulivaa koti la mvua. La njano."

Uso wake ukachangamka.

"Koti! Koti nalikumbuka. Zuri sana lile. Lilichanika tukivuka mto, nikalisikitikia sana." Akamgeukia dereva wake, akamweleza habari za koti kwa lugha yao, anaonyesha kwa mikono lilivyokuwa refu.

Nilisubiri amalize. Sikulia. Nilijisikia mjinga, kama mtu aliyebeba mzigo mzito akaufikisha, akaambiwa nyumba siyo. Miaka yote ile mimi na Matiasi tuliishi na mtu huyu chumbani mwetu, tulikula naye, tulilala naye, na sisi hatukuwahi kuwamo hata kwenye pembe moja ya mawazo yake.

Alipoondoka, Mama Zuhura aligawa ule mchele kwa wapangaji. Mimi sikuugusa.

Nilikwenda kumwona Matiasi gerezani na mihogo ya kuchemsha. Alikuwa amekonda. Habari za msamaha alikwisha kuzisikia na hazikumgusa. Alishika wavu kwa vidole.

"Amekuja kwako?"

"Alikuja."

"Anatukumbuka?"

Askari magereza alikuwa anatutazama. Niliipanga mihogo upya kwenye bakuli.

"Anamkumbuka mama," nikasema. "Amemtaja kwa jina. Amesema akifumba macho anamwona, tangu siku ile hajalala usiku mzima."

Mabega ya Matiasi yakashuka, akavuta pumzi ndefu, akaomba mhogo.

"Basi inatosha," akasema akitafuna. "Hata kama nilimkosa."

Walimpunguzia kifungo. Alitoka na kifua kibovu, nikamuuguza Temeke kwenye chumba kilekile, na hakuwahi tena kuniuliza. Siku zake za mwisho alikuwa mtulivu kuliko nilivyopata kumjua. Alikufa akiamini kwamba yuko mheshimiwa mmoja, mwenye gari na walinzi, ambaye kila usiku anaamshwa na uso wa mama yetu. Uso ule hauamshi mtu mwingine ila mimi. Naamka, nakaa kitandani, namtaja kwa jina lake, Fransiska, kwa sababu nisipomtaja mimi hakuna mwingine aliyebaki wa kumtaja.