Siku Bibi Alipoitwa Peshenti

Hivi karibuni nilimsindikiza mama hospitali, mjini Same. Macho yake yameingia ukungu, na siku hizi hashuki tena kutoka milimani peke yake. Tulipofika dirishani, kijana wa mapokezi alitutazama mmoja baada ya mwingine, akauliza, "Peshenti ni nani kati yenu?"

Mama alinigeukia, nami nikamgeukia, nikaona midomo yake inataka kucheka na haiwezi. Kijana akarudia, sasa taratibu, kama anayesema na watu wasiosikia: "Mgonjwa ni yupi, mama?"

"Ni mimi, mwanangu," mama akasema. "Mgonjwa ni mimi. Peshenti alikuwa mama yangu."

Kijana akaandika jina lake, akatuonyesha benchi. Yeye hakuwa na haja ya kujua zaidi. Lakini wewe nitakueleza, maana tangu siku ile bibi hanitoki akilini.

Nililelewa na bibi, mzaa mama, juu kabisa Upare Kusini, mahali ambapo ukungu wa msituni huingia ndani ya nyumba kama mgeni asiyebisha hodi. Mama alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la mkonge huko chini tambarare, pamoja na watu waliotoka kila pembe ya nchi, naye alipanda kutuona kila alipopata ruhusa. Kwa hiyo utoto wangu ulikuwa wa watu wawili, mimi na bibi, na harufu ya tangawizi iliyoanikwa uani. Alfajiri tulisikia maji yakiteremka mferejini. Wanakijiji walikuwa na bwawa lao la udongo, ndiva, lililojaa usiku na kufunguliwa asubuhi, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Zamu ya jirani ikichelewa, na yetu ilichelewa. Tulikaa kando ya mfereji na majembe yetu, miguu imekufa ganzi kwa baridi, nami nikaanza kunung'unika.

"Peshenti," bibi alikuwa akisema.

Ndicho Kiingereza chake chote. Makande yakikataa kuiva, na unajua mahindi makavu yalivyo na kiburi, alisema peshenti. Mvua ikikata njia na mama asifike, peshenti. Nikianguka nikachubuka goti, alinitazama kwanza kabla ya kuninyanyua, na nisipolia alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Huyu ni peshenti." Nilijivuna siku nzima.

Neno hilo alilipata misheni. Kabla hajawa bibi wa mtu yeyote alikuwa akimfulia nguo mwanamke mmoja wa Kizungu aliyeishi pale. Bibi alipofiwa na mtoto wake wa kwanza, alirudi kazini mapema, akasimama kwenye karai, akaendelea kusugua mashuka. Yule mwanamke alikuja akamshika mikono iliyojaa povu. Alisema maneno mengi ambayo bibi hakuyaelewa, ila moja lilirudiwarudiwa. Bibi aliuliza watu maana yake, akaambiwa ni mtu anayevumilia. Alilichukua akaenda nalo nyumbani. Nadhani hakuwahi kupewa kitu kingine na mtu yeyote kwa ajili ya uchungu ule. Wengine walimwambia tu azae tena.

Masika fulani, nikiwa darasa la sita, bibi alianza kuacha chakula. Alifunga kitenge tumboni, akakikaza, akaendelea kulima. Nilipomuuliza alisema ni baridi. Asubuhi moja jirani yetu, mama mmoja mwenye sauti kubwa aliyekuwa akichuma kahawa ng'ambo ya mfereji, alimkuta amekaa chini katikati ya mibuni, uso umekuwa rangi ya majivu, na bado kikapu amekishika.

Mvua ilikuwa imeporomosha barabara. Wanaume wa kijiji wakakata miti, wakafunga blanketi, wakapata machela. Hakuna aliyeitwa mara mbili. Walipokezana mabegani kwenye njia ya utelezi, wanawake nyuma na vifurushi, mimi na kandambili za bibi mkononi. Bibi alijifunika uso kwa aibu.

"Mnanibeba kama nimeshakufa," alisema kutoka ndani ya blanketi.

"Tulia, bibi," akamjibu mmoja wa wabebaji akihema. "Siku ukifa tutaimba. Leo si unaona tumenyamaza?"

Blanketi likatikisika. Alikuwa anacheka, na kicheko kilimuuma, akanyamaza ghafla.

Chini tulikuta gari likatupeleka mjini. Same ilikuwa na joto na upepo wa vumbi, na bibi, aliyezoea ukungu, alilala kitandani hospitali akitazama feni kana kwamba ndiyo iliyomleta. Mama alitoka kwenye mkonge akaja. Mchana alirudi kazini, jioni alikuja tena, na mchana mimi ndiye niliyekaa na bibi. Daktari alikuwa kijana mrefu kutoka Kanda ya Ziwa. Alipita asubuhi na manesi, wakisema kwa Kiingereza juu ya kila kitanda. Alipofika kwetu alisema maneno ya haraka haraka, na ndani yake, waziwazi, akasema peshenti. Kisha akasema tena, akimwelekezea bibi mkono.

Sijawahi kuuona tena uso wa mtu ukibadilika vile. Walipoondoka bibi alinivuta sikio karibu.

"Umesikia?" alininong'oneza kwa Kipare. "Daktari ameniita peshenti. Hanijui, na ameshaniona."

Nilikuwa najua. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa ameshaliandika neno hilo ubaoni, patient, akatuambia ni mvumilivu na pia ni mgonjwa, tusichanganye. Nilifungua mdomo nikaona bibi alivyojinyoosha kwenye mto, alivyojifunga kilemba upya kama mtu anayejiandaa kwenda kanisani. Nikanyamaza.

Tangu asubuhi ile bibi akawa na kazi ya kufanya. Nesi alikuja, "Shikamoo bibi, maumivu vipi leo?" naye akajibu, "Marahaba, mwanangu. Sijambo kabisa." Mwanamke wa kitanda cha jirani alilia usiku na mchana, na akipewa dawa aliwatukana manesi. Bibi alimtazama kwa huruma ya mtu aliyemzidi. "Huyu hakufundishwa," aliniambia. Lakini mimi niliona mengine. Niliona vidole vyake vinavyolisokota shuka chini ya blanketi. Niliona pindo la kitenge chake lililotobolewa na meno. Daktari akipita, bibi alikaa kitako, akamtazama machoni, akatabasamu, na daktari akafurahi. Akasema anaendelea vizuri, na kwamba ataweza kurudi nyumbani.

Jioni nilimwambia mama. Mama alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, waambie unaumwa."

"Nikianza kulia," bibi akasema, "wataniita nani?"

Asubuhi iliyofuata, kabla daktari hajapita, nilimfuata nesi kwenye korido nikamwambia yote: kwamba bibi haponi, kwamba anang'ata nguo, na kwamba ni kwa sababu ya neno. Nesi alianza kucheka, kisha akaona sicheki naye, akaacha. Alikwenda kumwita daktari.

Safari hii alikuja peke yake. Alivuta kigoda akakaa, magoti yake marefu yakagusa kitanda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Bibi, nimeambiwa kuna neno langu umelipenda. Hapa kwetu hospitali, peshenti ni mgonjwa. Mgonjwa yeyote yule."

Kiswahili cha bibi kilikuwa kidogo lakini kilitosha. "Hata yule anayelia?"

"Hata yule."

"Anayewatukana?"

"Naye ni peshenti, bibi. Sote tukiugua."

Feni ilizunguka. Bibi aliangalia mikono yake.

"Kumbe hukuwa unanisifu."

"Ningekusifuje na ulinificha?" daktari akasema kwa upole. "Sasa niambie. Inauma wapi?"

Bibi aliuchukua mkono wa yule kijana akauweka tumboni mwake, akaukandamiza, na akalia. Alilia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Yule mwanamke wa kitanda cha jirani alinyamaza, akageuka kutazama. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Nilikuwa nimemponya uongo na nimemnyang'anya kitu, na kwa umri wangu ule sikuweza kupima kipi kikubwa.

Walimpima upya. Daktari alimwambia mama kwenye korido, bila kuzungusha, kwamba uvimbe ulikuwa wa siku nyingi na ulikuwa umeshasambaa. Siku zile chache za kujikaza hazikubadilisha kitu. Miaka ile ya kujikaza huko juu, akificha maumivu na kushika jembe, ndiyo iliyomaliza. Akampa dawa za kutuliza maumivu, akasema kama tunataka kumrudisha kwake, tumrudishe.

Mvua zilikuwa zimekatika. Wanaume walitukuta walikotuacha, wakampandisha.

Nilidhani atakuja kufa kimya, kama alivyoishi. Haikuwa hivyo. Bibi alirudi kutoka Same akiwa na mdomo. Alilala karibu na dirisha, akalalamika. Alilalamikia tumbo, godoro, uji wa jirani usio na chumvi. Kisha akaanza kulalamikia mambo ya zamani. Alimlalamikia mumewe, babu yangu nisiyemjua, aliyekwenda kutafuta kazi pwani na kurudi na mke mwingine, naye bibi akampikia huyo mke. Alimtaja mtoto wake wa kwanza kwa jina, jina ambalo mama yangu, binti yake mwenyewe, alikuwa hajawahi kulisikia. Alisema jinsi mtoto yule alivyokuwa akinusa shingo yake kabla ya kunyonya. Jirani yule mwenye sauti kubwa alikuja kila alasiri, akakaa chini mlangoni. Alisikiliza tu, akiitikia kooni.

Siku moja, nikimlisha, alikunja uso kwa maumivu, nami kwa kutaka kumfurahisha nikamwambia, "Peshenti, bibi."

"Liache hilo neno," alisema. "Lina watu wengi mno."

Hakulitamka tena. Alifariki kahawa zikiwa zimechanua, wakati ambapo mlima wote hunukia, na walimbeba hadi kaburini kwenye migomba yake. Waliimba kama walivyomwahidi, ingawa aliyetoa ahadi ile alishindwa kuimba, akabaki kubeba tu.

Niliporudi shuleni nilimsubiri mwalimu wa Kiingereza baada ya kipindi. Alikuwa mtu mkimya aliyewahi kusoma seminari kabla ya kughairi upadri, na Kilatini kilikuwa bado kinamsumbua kama mguu uliovunjika zamani. Nilimuuliza kwa nini Waingereza walimwita mgonjwa na mvumilivu kwa neno moja, walikuwa wamekosa maneno?

Alifuta ubao polepole. Akaniambia neno lile si la Waingereza. Walilipata kwa Wafaransa, nao Wafaransa walilipata kwenye Kilatini, na huko mwanzo kabisa maana yake ilikuwa mtu aliyebeba mateso. Basi.

"Kwa hiyo anayeumwa na anayevumilia walikuwa mtu mmoja," alisema. "Wamekuja kutenganishwa baadaye, safarini."

Nilimshukuru, nikachukua mkoba wangu. Nilikuwa nimeshafika kwenye kona ya kanisa, nakimbia, nimelishika jambo lile kifuani nikalimwage mbele ya bibi kabla halijapoa, ndipo nikakumbuka hakuna mtu dirishani. Nikakaa kwenye jiwe. Hapo ndipo nilipomlilia. Kaburini nilikuwa nimejikaza.

Ni miaka mingi sasa. Huko juu barabara imefika, na mgonjwa hushushwa kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na ndugu yake. Anafika mapema, na ni heri. Lakini hakuna tena ule msururu wa watu kwenye utelezi. Wenye mabega wamehamia mijini, milango yao ina kufuli, na ndiva imejaa tope hadi ng'ombe wanakatiza juu yake. Jirani mwenye sauti kubwa naye alishazikwa. Wanangu wamezaliwa mjini, wanasema peshenti kama yule kijana wa dirishani, na wanamaanisha mgonjwa tu. Kipare hawakijui. Sikuwafundisha. Nyumbani tunaongea Kiswahili, na ndoto zangu mwenyewe ziko kwa Kiswahili.

Na hilo ndilo linaloniuma, rafiki yangu. Wiki zile za mwisho bibi alilalamika kwa Kipare, Kipare cha ndani cha wanawake wa zamani, chenye majina ya kila aina ya maumivu: lile la kuchoma, lile la kuvuta, lile linalokuja likikuta umekaa peke yako. Niliyasikia yote. Nilikuwa nimekaa pale pale, na kijiko mkononi. Leo nakumbuka alichokisema, naweza kukusimulia kama nilivyokusimulia, lakini maneno yenyewe yamenipotea. Nikimuuliza mama hutaja moja, akatafuta la pili, akalitafuta sana, asilipate.