Maneno Mawili Nyuma ya Pazia

Ratiba ilibandikwa kwenye mlango wa maktaba wiki ileile miti ya barabara kuu ilipoanza kutoa maua. Msimu wa sanaa wa jiji, mambo kumi na mawili ya kwenda kuona: picha katika ghorofa ya juu ya maktaba, bendi ya tarumbeta bustanini kila Jumapili, wafinyanzi na vyungu vyao, kwaya za mitaa, watoto wa shule na sarakasi. Sisi tulikuwa namba kumi na moja, chini ya mashindano ya paka wazuri. Kikundi cha maigizo cha ukumbi wa jamii, Jumamosi saa kumi jioni. Nilimwambia mkutubi kwamba kuwekwa chini ya paka ni matusi. Akanijibu kwamba paka walijiandikisha mapema.

Mimi ni mshonaji wa mavazi ya kikundi hicho, na mwigizaji wetu mkuu ni kaka yangu, tunayemwita Posta kwa sababu alipanga barua za watu miaka thelathini na moja na alijua kwa kichwa namba ya kila sanduku. Lakini ninayetaka kumwelezea hapa ni mke wake, wifi yangu. Kwa miaka ishirini na sita hakuna mtazamaji aliyewahi kumwona, na bila yeye hakuna mchezo wetu uliowahi kufika mwisho. Sisi wenyewe tulimwita Daftari.

Kazi yake ni kukaa kwenye kigoda nyuma ya pazia la kushoto, karatasi za mchezo mapajani, tochi ndogo mkononi, na kumnong'oneza mwigizaji aliyesahau. Msidhani ni kazi rahisi. Mwigizaji mzuri hunyamaza makusudi, na ukimkumbusha wakati hajasahau umemharibia. Kwa hiyo kikundi chetu kina utaratibu wake tangu zamani. Aliyesahau hageuki wala hakohoi. Hushika kifungo cha juu cha koti lake. Daftari akiona mkono umekwenda kwenye kifungo, hutoa maneno mawili ya kwanza. Mawili tu. La tatu kwetu ni aibu, na mwenye kupewa la tatu hununua soda kwa kikundi kizima. Kijana mmoja wa benki aliacha uigizaji kwa sababu ya soda.

Kaka yangu hakuwahi kununua soda hata moja. Ndiyo maana mimi niligundua kwa njia ya uzi. Msimu uliopita kifungo cha juu cha koti lake la kijivu kililegea, nikakishona. Wiki iliyofuata kimelegea tena. Nikatumia uzi wa kushonea mikoba. Kilipong'oka mara ya tano nilimfuata wifi jikoni kwake, nikaweka kifungo mezani mbele yake, nikamuuliza mume wake anakifanyia nini kifungo hiki.

Hakunificha. Alikaa chini, akakizungusha kile kifungo kwa kidole.

"Anasahau, wifi," akasema. "Si mchezo tu. Jana aliniuliza mama yenu anarudi lini kutoka sokoni."

Mama yetu tulimzika miaka kumi na minne iliyopita. Nilivuta kiti, nikakaa mbele yake.

Akanieleza kwamba walikwenda kwa daktari, wawili tu, kimyakimya. Daktari alisema ubongo unachoka taratibu, dawa ya kuurudisha hakuna, bora atembezwe, aone watu, asikie muziki. Walipotoka pale kaka yangu akamshika mkono kwenye ngazi na kumwambia, "Siku nikipotea kabisa, usiniaibishe mbele za watu." Wifi akaahidi. Basi akawa anampa maneno mawili, halafu manne, halafu sentensi nzima, kwa sauti nyembamba kiasi kwamba hata waliosimama naye jukwaani hawakusikia. Hapo ndipo balaa ilipojificha. Angekuwa mbovu wa kazi yake, tungejua mapema. Alikuwa hodari mno, na kikundi kizima kikaamini Posta bado ana kichwa kilekile cha masanduku.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikamwambia.

"Na anayeyatangaza, maradhi humwacha?"

Nikashona kifungo.

Msimu wa maua ulipofika, wifi alifuata agizo la daktari kama karani. Ile ratiba ilichapwa gazetini pia, akaikata akaibandika kwenye friji, na kila kitu alichokiona kimeandikwa pale alimpeleka. Walikwenda kwenye tarumbeta, kaka akapiga makofi mpaka mpigaji wa ngoma kubwa akamwinamia. Walikwenda kwa wafinyanzi, akarudi na kikombe kisicho na mkono. Kwenye maonyesho ya picha walikwenda mara nne, kwa sababu kila asubuhi aliisoma ile ratiba na kusema, "Kumbe kuna picha! Twende tukaone." Mara ya tatu niliwasindikiza. Kulikuwa na picha moja ya mlango wa buluu, mlango tu, uliofungwa nusu. Kaka akasimama mbele yake muda mrefu, uso umefunguka.

"Huyu mchoraji anajua mlango," akasema.

Mlinzi wa chumba kile akanitazama akitabasamu. "Mzee husema hivyohivyo kila siku."

Mimi picha zile nilizichoka siku hiyohiyo. Yeye aliziona mara nne na mara zote nne zilikuwa mpya, na kusema kweli nilimwonea wivu, halafu nikajionea haya. Wifi alikuwa nyuma yetu akishika miwani ya mumewe, koti lake na kikombe cha chai alichosahau kukimaliza. Ng'ombe haelemewi na nunduye, husema watu. Watu hao sijui kama wamewahi kumuuliza ng'ombe.

Mwenyekiti wetu, mwalimu wa jiografia mwenye sauti ya kuitia wanafunzi uwanjani, alipendekeza mtu mwingine ajifunze maneno ya Posta, ikitokea homa. Hapo ndipo wifi angeweza kusema. Hata mimi nilimkazia macho aseme. Akasema, "Hakuna haja, yote anayo kichwani." Mwenyekiti akapita kwenye jambo la viti.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kuchekesha. Mstaafu anarudi nyumbani baada ya safari ndefu, anakuta watoto wake wamekwisha kugawana vyumba. Anasimama sebuleni, watoto wanabishana, halafu anawanyamazisha: "Nyumba hii niliijenga mimi, tofali kwa tofali, na bado sijafa." Binti mkubwa aliigizwa na dada wa duka la dawa, msichana mwepesi wa akili kuliko sisi wote.

Jumamosi saa kumi ukumbi ulijaa, viti mia mbili, wengine wamesimama ukutani. Mimi nilikuwa pembeni kushoto nyuma ya nguo zilizotundikwa, hatua tatu kutoka kigoda cha wifi. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Niliona mkono ukienda kwenye kifungo, nikasikia mnong'ono, nikasikia sauti ya kaka ikijaza ukumbi. Wifi alikuwa akitoa sentensi nzima nzima, na yeye alizipokea na kuzipamba utadhani ni zake.

Kisha ikafika sebule. Watoto wakabishana, wakanyamaza kama walivyofundishwa, wakamtazama. Kaka alisimama katikati. Nikasubiri mkono uende kwenye kifungo. Haukwenda. Ulining'inia tu ubavuni, na mimi niliyekishona kifungo kile mara tisa nikaelewa kwamba amesahau hata namna ya kuomba.

"Nyumba hii," wifi akanong'ona.

Kimya.

"Nyumba hii niliijenga mimi, tofali kwa tofali."

Aligeuka. Akatembea moja kwa moja kufuata ile sauti, akashika pazia, akalivuta mpaka mwisho. Wifi yangu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona kwa miaka ishirini na sita, akaonekana na watu mia mbili, amekaa kwenye kigoda, tochi mkononi, kandambili miguuni.

"Samahani, mama," kaka akamwambia kwa adabu sana. "Mke wangu yuko wapi?"

Wifi alimtazama. Mimi nilikuwa nimeshika gauni la mtu mikononi. Sikufanya lolote. Mpaka leo hiyo inanikera.

"Yupo," wifi akasema mwishowe. "Anakuja sasa hivi."

"Aje haraka." Akaonyesha kidole nyuma yake, kwa waigizaji. "Hawa siwajui."

Ndipo watu wakacheka. Walicheka mpaka wakaegemeana. Dada wa duka la dawa akawahi, akaruka mbele na kusema, "Baba! Safari moja tu umetusahau, lakini kodi ya vyumba utaikumbuka!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Akamshika mkono kwa upole, akamrudisha katikati, na mchezo ukaendelea pazia likiwa wazi, wifi akisoma kwa sauti inayosikika, na kila alichosoma kaka akakirudia, na kila alichokirudia watu wakacheka. Mwisho wakasimama wote. Kaka akainama mara tatu. Nilikuwa sijamwona na furaha ile mwaka mzima.

Mwenyekiti aliingia nyuma akitokwa jasho. "Posta! Lile la pazia mlilibuni lini, nyinyi watu? Kumtoa Daftari mbele! Kamati ya msimu imetuongezea siku, Jumamosi ijayo tena." Akamgeukia wifi. "Daftari, liandike humo kwenye karatasi. Neno kwa neno, tusije tukalipoteza."

Nilifungua mdomo. Wifi akanitazama, kisha akamtazama kaka aliyekuwa akipewa mikono na watu, anacheka, koti limemkaa vizuri mabegani. Nikaufunga. Ningesema nini, na mbele ya nani? Wifi akachukua penseli yake akaandika pembeni mwa ukurasa: *Anavuta pazia. Mke wangu yuko wapi? Yupo, anakuja sasa hivi. Aje haraka, hawa siwajui.* Mwandiko wake ni mzuri, wa mtu aliyesoma kwa masista. Herufi haikupinda hata moja.

Njiani kwenda nyumbani tulitembea watatu chini ya yale maua ya barabara kuu, kaka katikati. Alikuwa amemtambua mke wake tena.

"Leo nilikuwaje, mke wangu?"

"Ulikuwa vizuri."

"Sikukuaibisha?"

"Hata kidogo."

Akapiga mluzi mpaka mlangoni. Mimi nikamvuta wifi pembeni, nikamwambia tumwambie mwenyekiti, Jumamosi tusiende, nitasema mimi kama yeye hawezi. Akaniambia, "Ukisema, watakumbuka leo walikuwa wanacheka nini."

Jumamosi ya pili walikuja hata waliosimamia paka. Nilikuwa palepale nyuma ya nguo. Watoto wakabishana, wakanyamaza. Kaka akasimama katikati, mkono ubavuni, kifungo hakijaguswa, uzi wangu mpya kabisa.

Wifi aliangalia ukurasa. Tochi iliwaka juu ya mwandiko wake mwenyewe. Kisha akanong'ona, kwa utaratibu wa kikundi, maneno mawili.

"Mke wangu."

Kaka akageuka. Hakuhitaji la tatu. Alikuja akavuta pazia, na sauti yake ikafika kiti cha mwisho. "Samahani, mama. Mke wangu yuko wapi?"

Safari hii watu walikuwa wakicheka hata kabla hajamaliza, maana walikuwa wameambiwa na wenzao. Wifi akangoja wapungue.

"Yupo. Anakuja sasa hivi."

"Aje haraka. Hawa siwajui."

Wakacheka tena, wengine wakagonga viti kwa miguu. Dada wa duka la dawa alikuwa tayari anakuja na maneno yake ya kodi. Lakini kaka hakurudi katikati kama ilivyoandikwa. Alimwinamia wifi pale kwenye kigoda, akashusha sauti, hivi kwamba ukumbi haukusikia kitu. Nilisikia mimi, hatua tatu.

"Mama, ukimwona, mwambie nimevaa koti la kijivu."

Wifi akamwambia atamwambia. Kisha akageuza ukurasa, kwa sababu zilikuwa zimebaki kurasa kumi na moja.