Pantoni Yangu ya Mbao

Nikipita kwenye maduka ya rangi Kariakoo, harufu ya tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ikaniingia puani, hasira hunipanda upya.

Mama alikuwa akipaka rangi meli na magari madogo ya mbao kwa kibomba cha upepo, chembamba kama kalamu. Alinifundisha kukitunza. Kila ukimaliza rangi, pitisha tina, chomoa sindano yake ya ndani, ifute polepole kuelekea nchani, maana ikipinda kidogo tu rangi hutoka kwa matone, kama mate yanayotemwa. Kwa kibomba hicho nilipaka pantoni, kivuko kidogo cha mbao nilichokiunda mwenyewe, nyeupe na bluu, laini kama ganda la yai, nikaipeleka kwenye maonyesho ya shule.

Mwalimu aliigeuzageuza. “Hii kafanya mama yako.”

“Nimefanya mimi, mwalimu.”

Alinipigisha magoti mbele ya darasa zima, eti mwongo.

Kesho yake mama alikuja na kibomba, pamoja na mashine yake ya upepo. “Mwalimu, mpe kibao apake hapa hapa, ujionee.”

Nilipaka. Mstari ulinyooka. Mwalimu alitazama mpaka mwisho, asiseme hata samahani. Wakati huo pantoni yangu ilikuwa imeshafungiwa kwenye kabati la vioo ofisini, wageni waione kuwa ni kazi ya shule.

Nikamwomba anirudishie.

“Ya nini?” alisema, akicheka. “Si umeonyesha kwamba unaweza? Katengeneze nyingine.”