Nilimjibu daktari "nzuri" huku kichwa kinapasuka

Wakuu, marahaba. Nawaitikia mapema kabisa, maana sidhani kama humu kuna wa kunizidi umri. Naelekea tisini, natype kwa kidole kimoja, na haya yalinikuta mwenyewe. Si chai.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, huku mlimani juu ya Moshi. Nilikuwa nimeolewa karibuni, natokea Kilema, na kwa mume nilikwenda na kipandauso changu.

Kwa msiokijua: kinaanza machoni, unaona vimulimuli, halafu nusu ya kichwa inagonga, unatapika, hata mwanga wa dirishani hutaki kuuona.

Ubaya wake kilipenda kunikamata siku za kushuka bondeni kukata majani ya ng'ombe. Mnakata, mnajitwisha, mnapanda nayo mlima.

Mama mkwe akajumlisha mambo. Akasema huyu bibi harusi haumwi, ni mvivu.

Wazee wa ukoo wakakaa kikao. Wakaamua: kuna daktari Mzungu anafanya utafiti wa vichwa pale zahanati, nipelekwe. Akisema siumwi, narudishwa kwa baba.

Wakuu, nilimpenda yule mume jamani. Hilo la kurudishwa nililiogopa kuliko kichwa chenyewe.

Daktari alikuwa mtu mwema. Alitupa wagonjwa wote vidonge, na kila wiki tunarudi. Anauliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni: "Habari ya kichwa?"

Tunajibu nini? "Nzuri."

Msinicheke. Mtu akikuuliza habari unaanza na nzuri, shida inafuata baadaye. Hata mfiwa anasema nzuri kwanza. Sasa sisi tunasubiri atuulize tena, yeye kashaandika, anaita mwingine. Natoka nje, natapika kwenye migomba.

Siku moja akatukusanya, amechanganyikiwa. Kumbe vidonge vilikuwa vya aina mbili: dawa yenyewe, na unga mtupu, hiyo ndiyo placebo, ili alinganishe. Na kwenye daftari lake wote tumepona! Wa unga sawasawa na wa dawa.

Akasema basi, utafiti naufunga, nendeni nyumbani, hamna tatizo.

"Hamna tatizo" kwangu ilikuwa hukumu. Narudishwa kwa baba.

Akaanza kutuaga mmoja mmoja. Alipofika kwangu: "Habari ya kichwa, mama?"

Mdomo wenyewe ukajibu, "Nzuri."

"Nzuri ya wapi!"

Ni mama mkwe huyo. Kila wiki alinisindikiza ili anichunge nisije nikamdanganya Mzungu. Sasa kasimama katikati ya watu.

"Daktari, huyu anakuonea haya. Jana katapika mpaka nyongo, kichwa nimemshika mimi kwa mikono yangu. Huyu mtoto anaumwa!"

Nililia, wakuu, na siku hiyo si kwa maumivu.

Basi na wengine wakafunguka, kila mtu na lake, zahanati ikawa soko. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akaanza upya, safari hii anauliza: jana ulitapika? Ulilala mchana? Ulishindwa kazi gani?

Mimi kumbe nilikuwa wa unga. Nikapewa dawa. Haikukimaliza kipandauso, ila ilikipunguza makali, nikaweza kuishi na watu.

Kikao cha ukoo hakikurudi tena. Siku ya majani mama mkwe alinifungia mzigo mdogo, ule mkubwa akajitwisha yeye.

Nilichojifunza: adabu ni nzuri, lakini ukiingia kwa daktari iache mlangoni utaichukua ukitoka. Na nyie madaktari wa humu, mkijibiwa nzuri, ulizeni tena.

Mama mkwe aliishika hiyo mpaka anafariki. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, anaitikia. "Habari ya kuamka?" Nzuri, mama. Halafu ananitazama usoni, ananiuliza taratibu: "Haya, na kichwa je?"

Hapo ndipo nilipokuwa nasema ukweli.

Sasa wenye kipandauso humu, hebu niambieni mnaendeleaje. Atakayeandika "nzuri" simwamini.