Cheti Ambacho Chepyegon Hakukiomba

Hakuna fundi aliyefungua boneti ya pikapu ya Chepyegon kabla ya kuonyesha cheti na kutamka, mbele ya shahidi, kwamba akiharibu atalipa. Hata shemeji yake aliwahi kurudishwa langoni na spana zake. Pikapu hiyo ndiyo iliyobeba majani ya chai ya majirani zake wa Kimulot hadi kiwandani, na majani hayangoji: yakikaa kwenye magunia hupata joto, kiwanda kikayakataa.

Shida ilikuwa mlima. Mvua ikinyesha, pikapu ilipanda ikilia. Ndipo Weldon akaja kutoka Silibwet na kompyuta ndogo, akasema kazi yake ni kuziongezea injini nguvu.

"Baba, hii gari kampuni iliyoiunda iliifunga nguvu. Nikiifungua, huo mlima utausahau."

"Na ikiharibika?"

"Itaharibikaje, baba?"

Chepyegon akalipokea hilo kama jibu. Mkewe, Cheptoo, akamvuta kando.

"Umemwomba cheti?"

"Nitamwombaje mtoto wa Kipkoech? Mimi na baba yake tulikaa jandoni nyumba moja."

"Wewe na Kipkoech, sawa. Na injini ilikaa huko pia?"

Chepyegon alicheka, lakini hakuomba. Kwa Wakipsigis, mtoto wa mwenzako wa jando ni mtoto wako. Kumdai karatasi aliona ni kama kumwambia Kipkoech kwamba amezaa mwongo. Ila Kipkoech hakuwa fundi, wala undugu wa jando haumfundishi mtu injini.

Wiki ya kwanza pikapu ilipanda kama haina mzigo. Majirani wakasifu, wakaongeza magunia. Wiki ya pili, katikati ya mlima, injini ikatoa moshi mzito, ikazima, breki zikawa ngumu, na gari likarudi nyuma hadi likapinduka katika chai ya jirani yake Omosa. Hakuna aliyeumia. Majani yalilala matopeni yakaharibika.

Mtu wa bima aliuliza ni nani aliyebadilisha injini, na alisomea wapi. Weldon hakuficha: alijifunza kwa video za simu. Bima ikakataa kulipa. Cheptoo alitaka waende kwa chifu. Chepyegon akasema hawezi kumshtaki mtoto wa Kipkoech.

Pikapu iliuzwa kama vyuma chakavu. Majirani walimpa mtu mwingine kazi ya kubeba majani, na Chepyegon hupeleka yake mgongoni. Yeye na Kipkoech hawajatembeleana tena.