Jumapili Tuliyomngoja Eliya

Ipo siku moja naikumbuka sana, mwanangu, kila ninapokaa jikoni kumenya ndizi kama hivi. Mikono naipaka mafuta kwanza, utomvu usigande; hayo alinifundisha shangazi yangu Veronika, nyumbani kwetu Kibimba. Siku hiyo alinifundisha na jingine.

Nilikuwa msichana, na nilimpenda Eliya wa Murukulazo. Sauti yake! Akiimba kwenye kwaya, hata wazee waliosinzia waliinua vichwa. Tulikuwa tukikutana njiani nikitoka kisimani, na asubuhi ile alikuwa ameniambia tuondoke twende Biharamulo, wazee watajua tukishafika. Nami nilikubali. Nguo zangu nilikwisha kuzifunga kwenye khanga.

Penzi ni kikohozi, halifichiki. Shangazi alinitazama nikimenya ndizi huku nikitabasamu peke yangu, akaketi kando yangu, akachukua kisu.

"Huyo Eliya anapajua kwenu?" akauliza.

Nikashtuka. "Anapajua, shangazi."

"Amewahi kubisha hodi?"

Nikatikisa kichwa. Akamenya ndizi nzima, kisha akaniambia, "Mtu anayekutaka hawakimbii wazazi wako. Mwambie aje Jumapili, mchana. Tutampikia. Baba yako nitazungumza naye mimi."

Eliya akaahidi kuja. Jumapili ile tulipika ndizi kwa maharage, baba akavaa koti lake. Tukangoja mpaka chakula kikapoa. Hakuja. Kesho yake nikasikia amekwenda Biharamulo peke yake. Nililia, mwanangu, nikamlaumu shangazi kwamba amenifukuzia bahati. Aliifungua tu ile khanga, akanikunjia nguo zangu moja moja.

Baadaye akaja Stefano wa Bukiriro. Huyo hakujua kuimba. Akifungua kinywa kanisani watoto walicheka. Lakini alikuja mchana, suruali imejaa tope, akasimama mlangoni: "Hodi! Shikamoo, mama." Shangazi akaitika, "Marahaba, karibu ndani," huku akinitupia jicho. Nilimpenda polepole, kama maharage yanavyoiva kwa moto mdogo. Tuliishi pamoja mpaka Mungu alipomchukua, na sikujuta hata siku moja.

Eliya nilikuja kukutana naye sokoni, wote tuna mvi. Tukasalimiana. Akacheka kidogo, akasema, "Jumapili ile nilifika mpaka kwenye migomba yenu. Nikamwona baba yako na koti lake, nikaogopa, nikarudi."

Sikujua nicheke au nilie. Masikini, kumbe alikuwa karibu hivyo! Hata leo nikisikia kwaya, moyo wangu huitafuta sauti yake. Si dhambi, Stefano mwenyewe alijua, na alikuwa akinitania.

Basi sikia, mwanangu. Usimchukie uliyempenda akaenda zake. Kuna furaha alikupa, nayo ni yako. Ila usimfuate anayetaka kukuchukua kwa kificho. Anayekupenda kweli naye huogopa, lakini hubisha hodi. Na mkubwa akikukanya, lia ukitaka, ila msikilize, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mungu akupe mwenza wa kuzeeka naye, na nyumba isiyokosa kicheko. Amina.