Neno la Kusema Kalemie

Sipendi kuulizwa kwetu ni wapi. Watu wananijua kwa hilo, na wengine huniuliza makusudi ili wanione nikikunja uso. Niulize hali, niulize bei ya mihogo, niulize hata umri wangu, nitakudanganya kidogo na tutacheka. Lakini hilo swali, hapana.

Na ni swali la kawaida tu. Kindu nilikozaliwa, ukipanda mtumbwi kuvuka kwenda Alunguli, kabla hamjafika katikati ya mto jirani yako amekwisha kukuuliza. Kwa mwanamume jibu ni rahisi. Mwanamke aliyeolewa ana adabu yake. Hata kama umezaa watoto kumi kwa mume, hata kama umeota mvi kwenye jiko lake, pale si kwenu. Pale ni kwa bwana. Kwenu ni kwa baba yako na mama yako, basi. Mwanamke akisema "kwetu" kwa maana ya kwa mume, na wazazi wake wangali hai, wenzake watapiga makofi na kuguna: huyu amekwisha kuwazika wazee wake. Kwa watu wetu hiyo ni laana.

Mama yangu alilijua hilo kuliko wanawake wote wa mtaa wetu, kwa sababu kwao ndiko kulikokuwa mbali kuliko kwa wote. Alizaliwa Ujiji, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, nchi nyingine kabisa. Baba alikuwa mtu wa reli. Alimwona Kalemie, wakati huo ikiitwa bado Albertville, mama alipovuka na shangazi yake kuuza dagaa. "Alikuwa na kofia ya reli na meno mazuri," mama alituambia, "mi nikaona yamekwisha." Akaletwa Kindu kwa treni, akapewa karte ya mgeni, kitambulisho chenye picha yake ya nywele za kusuka na macho ya mtoto aliyeshikwa akiramba sukari.

Ile karte ilikufa. Ndivyo tulivyosema nyumbani: karte imekufa, muda wake umekwisha. Kuifufua ilibidi mtu aende Bukavu, kwenye ofisi za mkoa, na baba kila alipokumbushwa alijibu, "Mwezi kesho." Mwezi kesho, mwezi kesho, mpaka nchi yenyewe ikabadilishwa jina ikawa Zaire, wenzetu shuleni wakaambiwa waache majina ya ubatizo, na karte ya mama ikabaki karte ya nchi isiyokuwepo tena. Wala hakuna aliyejali. Nani angemuuliza mama? Kindu nzima ilikula mikate yake ya mafuta pale stesheni. Hata watoto wa wakubwa wa chama walikuja na sahani zao.

Basi mwaka mmoja wa mvua nyingi, mama mmoja mwuza ndagala alishuka kwenye treni akaja moja kwa moja kwetu, mzigo ungali kichwani. Ndagala ni dagaa walewale. Mama alikuwa amekwisha kuwaita hivyo, kama sisi. Yule mwanamke alikuwa ametumwa kutoka Ujiji.

"Mama yako anakuita," alisema. "Amesema aone uso wako, njo afunge macho."

Mama alikuwa mbele ya karai la mafuta. Alibaki ameshika mwiko mpaka mikate yote ikawa myeusi, na machozi yakimtoka kama mtu anayekata vitunguu. Tangu aolewe hakuwahi kumwona mama yake. Salamu tu, za mdomo, kwa wauza ndagala.

Baba alipiga pasi nguo zake za reli akaenda ofisi ya wageni. Akarudi amekunja uso. Wamemwambia mgeni mwenye karte iliyokufa hatoki, na akitoka harudi. Kwanza Bukavu.

"Bukavu mama yangu hayuko," mama alisema.

Baba akaketi kwenye kigoda, kofia magotini. Nilimwona ana haya. Halafu akasema: "Sikiliza, mama watoto. Wanawake wa ndagala wanavuka kila siku bila karatasi. Pale bandarini Kalemie wanauliza kitu kimoja tu: kwenu ni wapi. Sema Kindu. Weye ni mke wangu, unasema kama muntu wa hapa, nani atajua? Neno moja."

Mama alijishika mdomo. "Mama yangu yuko hai, baba watoto!"

"Njo kwa sababu yuko hai," baba alisema.

Basi tukaanza mazoezi. Kaka yangu anayenifuata alivaa kofia ya baba, akasimama kwenye mlango wa jiko, tumbo mbele. "Sitwayeni!" Ndivyo ilivyotupasa kuitana siku zile, mwananchi, maana mabwana na mabibi walikuwa wamepigwa marufuku. "Sitwayeni! Kwenu ni wapi?" Mama, mchi mkononi, alijibu, "Kin-du," kisha akatema mate pembeni, tfu, na kusema chini chini, "Mama, unisamehe." Shangazi yetu, dada yake baba, alicheka mpaka kitenge kikamfunguka. "Sema vizuri, wifi! Unasema kama muntu anameza dawa ya minyoo!" Na sisi watoto tulicheka. Wallahi, sijui kama nyumba ile ilipata tena kucheka vile.

Mimi nilichukuliwa, kwa kuwa binti wa kwanza lazima bibi yake amshike uso. Kitinda mimba, aliyekuwa ameachishwa ziwa hivi karibuni, aliachwa kwa shangazi. "Narudi kabla mahindi hayajakauka," mama alimwambia, utadhani anazungumza na mtu mzima. Akampa mkate wa mafuta, na tukapanda treni mtoto angali anatafuna.

Baba alitusindikiza mpaka Kalemie. Bandarini kulikuwa na meza, na nyuma ya meza mtu ambaye hakuinua hata macho.

"Sitwayeni, kwenu?"

"Kindu."

"Na mutoto?"

"Kindu."

Akatupungia mkono tupite. Basi! Ndilo tulilofanyia mazoezi yote yale. Kwenye boti mama alicheka peke yake kama mwizi wa mapapai, halafu akatapika ziwa zima.

Sasa usifikiri upande wa pili walimpokea kwa vigelegele. Kule Kigoma mtu wa bandari alimsikia akisema, "Mi nakuja kuona mama yangu, iko mugonjwa," akacheka. "Wewe Mzaire kabisa. Hata Kiswahili hujui." Mama alikasirika, na hasira yangu hii nimeirithi kwake. "Nimezaliwa hapa! Kitovu changu kimezikwa Ujiji!" Yule bwana akamjibu kwamba kitovu hakina mhuri. Tulikaa juani, mate yamekauka, mpaka mjomba akaja kumdhamini.

Bibi alikuwa mdogo wa mwili, amelala kwenye kitanda cha kamba, macho yake hayaoni tena. Alinipapasa uso pole pole. "Huyu ana pua yangu, maskini," alisema, na nyumba nzima ikacheka. Zile siku za mwanzo zilikuwa nzuri. Mama alimwogesha, akampikia uji, akamwimbia nyimbo ambazo sikujua kama anazo. Nilimwona mama yangu anakuwa mtoto wa mtu, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria.

Adhuhuri moja, wanawake wamejaa chumbani, mama alisimulia habari za kofia ya baba, kaka yangu mlangoni, mchi, tfu. Aliigiza vizuri. Mama zangu wadogo walicheka mpaka wakajipiga mapaja. Bibi hakucheka.

"Kwa hiyo ukasema kwenu Kindu."

"Bandarini tu, mama. Sababu ya karte."

"Mwacha asili ni mtumwa," bibi akasema, akageukia ukuta.

Jioni alikula tena kutoka mkononi mwa mama, hivyo sitamsingizia kwamba alikuwa na roho mbaya. Lakini tangu hapo hakumwita mwanangu. Alimwita mgeni. "Mgeni, nipe maji." "Mgeni, nigeuze." Utani? Uchungu? Hakuna aliyejua, na mama hakuthubutu kuuliza. Akawa anaitika, "Labeka, mama." Bibi alikufa hivyo hivyo, siku chache baadaye, na mama ndiye aliyemwosha. Mpaka leo bibi yangu yule nina hasira naye. Mungu amrehemu, lakini nina hasira naye.

Tulikaa mpaka arobaini ikaisha. Nikimwita mama aliitika baada ya muda, utafikiri anatokea shambani. Tulituma salamu kwa baba, kwamba tunavuka, atungoje.

Na alitungoja. Boti ilipokaribia nilimwona kabla mama hajamwona: nyuma ya kamba iliyofungwa kuzuia watu bandarini, kitinda mimba mabegani, kofia ya reli imemfunika mtoto mpaka puani. Nilipunga mikono. Mama alifunga vizuri kitenge cha msiba, akashika mkono wangu, tukapanga mstari nyuma ya wauza ndagala.

"Sitwayeni, kwenu ni wapi?"

Mimi nililisema lile neno moyoni kabla yake, kama mtoto anavyomsaidia mwenzake kwenye ubao. Mama alimtazama yule mtu. Akajibu taratibu, kwa sauti ya kawaida, bila kutema mate.

"Kwetu ni Ujiji."

Yule mtu akainua macho.

"Ee! Mama watoto!" baba alipiga kelele nyuma ya kamba.

Hapo ndipo mama alipozinduka, akamwambia yule mtu. "Hapana, baba. Kindu. Nimekosea. Kwetu Kindu. Kindu!"

"Karte."

Akatoa ile karte iliyokufa. Hakuwa na nyingine. Yule mtu aliitazama picha, akamtazama mama, akawaita wenzake. "Hii ni karte ya inchi gani?" Walicheka. Hawakumpiga, hawakumtukana, walicheka tu. "Muntu hana kwao mbili, mama," alisema. "Boti yako njo ile."

Baba aliomba, kipara wazi, maana kofia ilikuwa kichwani mwa mtoto. Wauza ndagala wote walitazama chini. Mimi nikaulizwa, nikasema Kindu, wakasema huyu mutoto wa hapa, apite. Mama mwenyewe ndiye aliyenisukuma chini ya kamba. Alisema, "Mshike mdogo wako." Kisha wakampandisha.

Alikuwa akilisema bado boti ilipoondoka. Kindu. Kindu. Kwetu Kindu. Lile neno lililokuwa linamkwama kooni, sasa alilipiga kwa sauti yake yote mpaka injini ikalimeza.

Baba alisema ni msiba uliomchanganya. Shangazi alisema ulimi hauna mfupa. Wote wawili niliwaheshimu. Lakini mimi ndiye niliyelala kando yake siku zote zile za matanga, na nasema hakuchanganyikiwa. Bibi alikuwa amekwisha kufa, na babu kabla yake. Hapakuwa tena na mzazi wa kuzikwa na neno lile la Kindu; sasa angeweza kulisema bila dhambi yoyote, na hilo ndilo linaloniua. Nadhani alitaka kumrudishia mama yake jina la kwao, mara moja tu, mbele ya mtu wa serikali. Hakufikiria zaidi ya hapo. Nani anafikiria zaidi ya hapo, akiwa na msiba?

Baba alikwenda Bukavu. Ule mwezi kesho ulifika hatimaye. Alirudi na ahadi, akaenda tena, akarudi na ahadi nyingine. Mama alikaanga mikate ya mafuta sokoni Ujiji, na kule kwao, alikozaliwa, walimwita Mama Mzaire. Alitutumia salamu na mafurushi ya dagaa kwa wanawake walewale. Kitinda mimba alikula dagaa wale kwa miaka na kumwita shangazi mama, na siku moja, amekuwa kijana, aliniuliza kama mama yetu alikuwa na sauti nene au nyembamba. Nilitoka nje nikaenda kufua nguo zilizokuwa zimekwisha kufuliwa.

Habari ya kifo chake nayo ililetwa na mwuza ndagala. Tulikaa matanga Kindu, bila maiti, majirani wakituuliza tunalia nini hasa.

Mimi niliolewa Kampene. Nimezaa huko, nina wajukuu huko. Na wanawake wa Kampene, kama wanawake wa kila mahali, hawawezi kunywa maji na wewe kisimani bila kukuuliza: mama, kwenu ni wapi? Adabu inanitaka niseme kwa baba yangu. Ninasema Kindu. Ni jibu la haki, halihitaji karte, halina laana. Halafu nageuza uso, natema mate pembeni, tfu, na kusema chini chini, mama, unisamehe. Wao wanadhani nina kiburi.